Maji ya Barke

Tuliokuwa katika nyumba ya Bi Hindu siku ile ni hawa: Bi Hindu mwenyewe, mwenye nyumba; Kuluthumu, binti yake wa pekee; Mzee Mramba, fundi wa mabomba; mimi Mwikali, mfanyakazi wa nyumba; na mwanangu Kioko, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea bila kushika ukuta.

Na mwingine mmoja. Huyo sijui nimtaje namna gani.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tano, masika yakielekea kwisha, mtaa wa Shela, Malindi. Jua lilikuwa linashuka. Bi Hindu alinituma dukani nikanunue ndimu na magadi.

"Enda mbio, mwanangu," aliniambia kutoka kitandani. "Fundi asije akamaliza tukakosa cha kusugulia."

Kioko nilimwacha amelala kwenye mkeka, kando ya kitanda cha Bi Hindu.

Fundi aliitwa kwa sababu dari lilikuwa linavuja. Maji yalipenya kutoka bafu la ghorofani yakaangukia chandarua cha Bi Hindu. Tone... tone... Hayakuwa ya mvua, maana mvua ilikuwa imekatika. Na yalikuwa na harufu.

Yalinukia kafuri.

Nieleze kwanza habari za bafu lile.

Aboud, mume wa Kuluthumu, alinunua hodhi la kuogea kutoka hoteli moja ya Watamu iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Lilikuwa jeupe, refu, lenye miguu ya chuma iliyokunjwa kama kucha za paka. Wanaume walilipandisha ghorofani wakitukanana ngazi nzima. Bi Hindu alisema mtu hawezi kuoga akiwa amelala kama samaki kwenye sahani. Lakini Barke alilipenda.

Barke alikuwa mtoto wa kike wa Aboud na Kuluthumu, wa pekee, na alikuwa bado hajaanza shule. Hata hodhi likiwa kavu alipanda akakaa humo na andazi lake, miguu ameinyoosha, akinitazama nikifanya kazi.

Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi. Yakikauka huacha utando mweupe ulioshika kama chokaa. Maji ya mfereji nayo, mvua zikinyesha, huja mekundu kwa tope la mto Sabaki. Waya wa kusugulia sufuria Bi Hindu aliukataza, kwa sababu ungekwaruza ile rangi inayong'aa. Nilitumia kumbi la nazi lililolowekwa, jivu lililochekechwa, na ndimu. Ndimu unaipaka kwanza, unaiacha ile chumvi ilainike, ndipo unasugua kwa kuzunguka. Kwenye sinki la kunawia, lililokuwa nje ya bafu ukumbini, ni hivyo hivyo, ila pale chini ya mfereji penye mchirizi wa kijani panataka magadi.

"Mwikali, pale umeacha!" Barke aliniambia kila siku.

"Wapi?"

"Pale! Jicho lako limekwenda sokoni?"

Nacheka, nasugua tena. Mamake naye husikia huko chumbani, akacheka.

Kuluthumu alikuwa mtu mwema. Nilipotoka kwetu Ukambani mwaka wa njaa, nikiwa na Kioko mchanga mikononi na mume wangu Nahashon amepata kazi ya ulinzi Watamu, ni yeye aliyenifungulia mlango. Aliona midomo yangu imekauka. Hakuniuliza naweza kazi gani. Alinipa maziwa, kisha akamtazama mtoto, akaenda akaleta godoro dogo la Barke, akaniambia, "Huyu wangu ameshalizidi, mlalishe wako." Nilimwita Bi Kuluthumu. Akakataa. "Niite dada."

Barke aliugua homa katikati ya masika. Ilimchukua upesi. Aboud alikuwa Uarabuni kikazi. Telegramu ilipomfikia, mtoto alikuwa ameshazikwa.

Kwa Waislamu wa pale, maiti huoshwa nyumbani, na mahali pa kuoshea huchimbwa mtaro mdogo uitwao ufuo. Maji yote ya kumwoshea huingia humo, ardhi ikayanywa, na ufuo hufukiwa siku ile ile. Maji hayo hayaachwi yakae. Wachawi huyatafuta, wanayatia chupani. Na wazee husema pia kwamba maji yasipokwenda, aliyeoshwa naye hajaenda.

Lakini siku ile ua lilikuwa limefurika. Kila tulipochimba, shimo lilijaa maji ya mvua kabla jembe halijainuliwa.

"Basi tutamwosha kwenye hodhi lake," Bi Hindu alisema. "Bomba lake linatoka nje mpaka chini ya mkunazi. Ni ardhi ile ile."

Wanawake wawili walimshika Bi Hindu mikono wakampandisha ngazi, maana magoti yake yalikuwa mabovu. Mimi ni Mkristo, sikuingia. Nilichuma majani ya mkunazi, nikachemsha maji, nikapandisha ndoo hadi mlangoni. Kuluthumu alizipokea. Kila ndoo alisema, "Ahsante, Mwikali." Mwanawe amelala mle ndani, naye ananiambia ahsante.

Jeneza lilipotoka nilipanda na jivu langu na kumbi langu. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Acha," Kuluthumu alisema kwa ndani. "Hili nitaliosha mwenyewe."

Tangu hapo ufunguo wa bafu aliuvaa shingoni.

Sikuona ajabu. Kila mtu na msiba wake. Niliendelea kusafisha sinki la ukumbini, nje ya mlango ule. Lakini nikawa nasikia kitu. Nikimwaga maji kwenye sinki, nyuma ya mlango hodhi lilijibu. Gulu... gulu... gulu.

Nilijua mabomba mawili yameungana, kwa hiyo hewa husukumana. Lakini siku nyingine sikumwaga kitu. Nilikuwa nimesimama tu, natia ndimu kwenye ule mchirizi wa kijani.

Gulu... gulu.

Kama mtoto anayepuliza mapovu.

Jioni moja Kuluthumu aliteremka uani nilipokuwa naanua nguo. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele yangu akaitazama mikono yake mwenyewe, kana kwamba mtu amempa aishike.

"Mwikali, niazime mtoto."

"Kioko?"

"Nimwogeshe. Saa hizi ndizo nilizokuwa nikimwogesha Barke. Mikono yangu haijui pa kwenda."

Nilimpa. Nani angemnyima?

Alinirudishia Kioko amepakwa mafuta, amechanwa nywele, amevikwa shati safi. Ananukia kafuri. Watu wa pale huweka kafuri kwenye makabati ya nguo, nikadhani ni shati. Siku ya pili akamwomba tena. Ikawa kila jioni. Nilimwona akipanda ngazi naye begani, anamwimbia, nikasema moyoni, afadhali, dada yangu amepata pa kupumzikia.

Lakini Kioko akaanza kubadilika.

Kwanza aliacha kulia. Akianguka ananyamaza. Kisha akaacha kunyonya. Nampa titi, anageuza uso. Nilikuwa nimemfundisha kuniita mwaitu, kwa lugha ya kwetu, na neno lile likapotea kinywani mwake. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua, hata asubuhi, hata mchana. Nahashon alipokuja kutoka Watamu alimbeba, akamrudisha haraka mikononi mwangu.

"Mbona mtoto baridi hivi? Umemlaza mtungini?"

"Labda ni upepo wa mvua."

"Mwikali. Mtoto huyu anapungua."

Zahanati walimpima, wakasema hana homa, wakanipa dawa ya maji. Hana homa! Mimi nilikuwa naomba apate hata homa, apate joto lolote. Nilikuwa nikimfunga mgongoni kwa leso, na kila siku leso ilizunguka zaidi, mpaka nikaanza kuogopa siku nitakayofunga leso tupu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa jioni ile nilipotumwa ndimu na magadi.

*

Nilirudi adhana ya magharibi ikianza. Mzee Mramba alikuwa amekaa barazani, vyombo vyake vimetawanyika miguuni.

Mzee huyu alikuwa mtu wa mzaha. Alipofika mchana aliniambia, "Mama Kioko, hodhi likiziba ni nywele za wanawake tu. Mngenyoa vichwa nyote, mimi ningekufa njaa." Sasa alikuwa anainusa mikono yake.

"Umemaliza, mzee?"

"Binti yake amekataa kunifungulia huko juu. Nikafungua bomba hapa nje, chini ya mkunazi. Nikapeleka waya kwa chini, upande juu." Akausukuma waya kando kwa mguu. "Mama Kioko, lile hodhi halikuziba."

"Basi?"

"Limezibwa. Kuna nguo imeshindiliwa tunduni. Waya ukanasa kwenye nguo. Nikavuta."

"Ehe?"

"Ukavutwa."

Nilimtazama nikitafuta mzaha usoni pake. Haukuwepo.

"Nikasema ni mkwamo. Nikalegeza mkono. Ukavutwa tena... polepole... kama mtoto anayechezea kamba na mwenziwe." Aliiinua mikono yake karibu na uso wangu. "Nusa."

Kafuri. Na majani ya mkunazi yaliyooza.

"Nimefanya kazi katika nyumba za Waislamu tangu ujana wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Harufu hii naijua ni ya nini. Nani humu ndani anafuga maji ya maiti?"

"Usiseme hivyo, mzee."

"Mtoto wako yuko wapi?"

Nilitupa kikapu.

Chumbani kwa Bi Hindu mkeka ulikuwa mtupu. Bi Hindu alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi. Tone moja liliangukia chandarua juu ya kichwa chake.

"Kioko yuko wapi, bi mkubwa?"

"Amekuja Kuluthumu amemchukua. Si kila siku humwogesha?"

Sijui kilichonituma kuuliza. Nilimuuliza tu.

"Bi mkubwa... maji ya Barke yalikwenda wapi?"

"Yalikwenda nje. Yalikuwa yanateremka kidogo kidogo. Tuliyaacha yateremke yenyewe, tukamfuata mtoto na sanda yake..." Akainua macho darini. Tone likaanguka.

Tasbihi ikamponyoka.

Sikungoja. Nilipanda ngazi gizani. Hakuna aliyekuwa amewasha taa huko juu; chini ya mlango wa bafu tu palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imelowa. Baridi yake ilinipanda kutoka nyayo hadi magotini.

Kuluthumu alikuwa anaimba. Maji yalikuwa yanapigwa pigwa kwa viganja vidogo.

Kisha kicheko. Kicheko cha Kioko. Sikuwa nimekisikia kwa siku nyingi, na nilipokisikia macho yalinijaa machozi. Nilisimama pale na mkono wangu mlangoni, nakisikiliza.

Kisha kikafuata kicheko kingine.

Hicho nacho nilikuwa nakijua.

"Dada Kuluthumu," nilinong'ona. "Nifungulie."

Wimbo ukakatika.

"Ngoja kidogo. Bado hatujamaliza."

"Nifungulie, dada. Namtaka mwanangu."

Maji yakatulia. Nilisikia pumzi yake upande wa pili wa mbao, karibu sana, kama amelaza paji la uso mlangoni mahali pale pale nilipolaza langu.

"Na mimi namtaka wangu," alinong'ona.

Nililia tu, na nadhani alinisikia, kwa sababu ufunguo uligeuka. Angeweza kutofungua. Alifungua.

Taa ya chemni ilikuwa ukingoni mwa dirisha. Hodhi lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, na majani meusi yakielea juu yake. Pande zote, weupe wa hodhi ulikuwa umeliwa na mstari mnene, mstari juu ya mstari, wa siku zote zile ambazo kumbi langu halikugusa mle. Kioko alikuwa amekaa upande wa miguuni, maji yamemfika kifuani, midomo yake ya buluu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama upande wa pili.

Upande wa pili hapakuwa na mtu.

Lakini maji pale yalikuwa yamebonyea. Yalikuwa yamezunguka kitu, kama yanavyozunguka kiuno cha mtoto aliyekaa. Na kutoka pale lilikuja wimbi moja dogo, likampiga Kioko kifuani. Akacheka. Akapiga maji na yeye.

"Unaona?" Kuluthumu alisema. Uso wake ulikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyonitisha zaidi. "Anafurahi sana na mwenzake. Akiwa peke yake haji. Nilikuwa namwita, namwita, haji. Siku ya kwanza nilipomtia Kioko... akaja."

"Kioko," nilisema. "Kioko, njoo kwa mwaitu."

Hakugeuka.

"Dada, mtoto wangu anakufa."

"Hapana. Hapana, Mwikali, anaoga tu."

"Mtazame midomo. Wewe ni mama. Mtazame."

Alimtazama. Nilimwona akimtazama kweli, kama mtu anayeamshwa kidogo kidogo. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Nilitaka yakae kidogo tu," alisema. "Walipokuwa wanamwosha nikaliona tundu likimeza maji. Yamemgusa mwanangu yale, Mwikali, yametoka kwenye nywele zake, kwenye mikono yake, na tundu linameza. Nikachana leso yangu nikaliziba. Nilisema nitafungua kesho. Kesho ikaja sikuweza. Nikasema kesho."

Nyuma yangu nilisikia kitu kikiburuzwa ngazini. Ni Bi Hindu. Alikuwa anapanda kwa mikono na magoti, kidato kwa kidato, anahema. Alifika mlangoni akajishika nguzo. Hakupiga kelele, wala hakumgombeza binti yake. Aliyatazama maji, mpaka pale palipobonyea, na uso wake wote ukaporomoka.

"Barke," alisema. "Mjukuu wangu. Tumekuweka hapa peke yako siku zote hizi?"

Maji yalitikisika.

"Mama, mwache!" Kuluthumu alilia. "Mwache kidogo tu!"

"Hajamalizwa kuoshwa, mwanangu. Maji yake hayajaenda, naye atakwenda vipi? Ndiyo sababu ana baridi. Ndiyo sababu anatafuta mwenzake."

Nilimshika Kioko chini ya makwapa nikamvuta. Hakuja. Hakuwa mzito, lakini hakuja, kana kwamba mtu amemkumbatia miguu. Nikavuta tena. Kichwa chake kikaenda nyuma, macho yakageuka meupe.

Hapo niliacha kufikiri. Nilimshikilia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili niliutia majini hadi begani, nikapapasa chini.

Baridi iliuma mpaka kwenye mfupa. Majani. Utelezi. Nikalipata tundu. Nikalipata fundo la leso. Nikalivuta... likakataa. Nikaingiza vidole kando yake.

Kitu kikanishika kidole.

Hakikuniuma. Hakikunivuta. Vilikuwa vidole vidogo vitano, vimekizunguka kidole changu, vimekaza kama mtoto anyonyaye anavyomshika mamake asiondoke. Vilikuwa vinatetemeka.

Mimi ni mama. Naapa kwamba kwa kitambo kidogo nilisahau mwanangu mwenyewe. Nilitaka kuupasha joto ule mkono.

"Dada," nilisema. "Amenishika."

Kuluthumu alipiga magoti kando yangu. Akatia mikono yake yote miwili majini, ikateremka kando ya wangu mpaka ikanifikia. Nilisikia viganja vyake vikinifunika mkono, vikauzunguka ule mkono mwingine.

Alikaa hivyo. Mashavu yake yalikuwa yanagusa maji.

"Barke," alisema taratibu, kwa ile sauti ya kumwamsha mtoto asubuhi. "Mama yupo hapa. Mwachie Mwikali. Maji yamepoa, mamangu. Sasa utoke."

Vidole viliachia. Kimoja... kimoja... kimoja. Cha mwisho kilikawia.

Kisha Kuluthumu mwenyewe alilivuta lile fundo.

Sauti iliyotoka sitaki kuielezea. Maji yaliteremka yakizunguka, majani yakizunguka nayo, na mahali pale palipobonyea pakawa padogo, padogo, pakasawazika. Nje, chini ya mkunazi, nilisikia bomba likimwaga, na Mzee Mramba akisoma sala za kwao kwa sauti kubwa, kisha miguu yake ikikimbia.

Hodhi likabaki tupu. Kioko akavuta pumzi.

Akalia. Alilia kwa hasira, kwa nguvu, mpaka ukuta ukarudisha sauti. "Mwaitu! Mwaitu!" Nilimkumbatia nikiwa nimelowa naye amelowa. Nikaketi naye sakafuni, na pale ndipo nilipoona jambo ambalo nikilikumbuka bado huniliza.

Kuluthumu aliinuka. Macho yake hayakuwa yakiona kitu. Alikwenda kwenye msumari ulioangikwa taulo ya Barke, ile yenye maua ya njano ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Akaitwaa, akaja akamfunika Kioko, akamkausha kichwa, akamkausha masikio kwa ncha, kama inavyotakiwa. Akamfunga vizuri shingoni.

"Mpe kitu cha moto," aliniambia. "Na wewe ubadilishe nguo, usishikwe na kifua."

Ndipo akaanguka mikononi mwa mamake.

Nilisema nitasafisha. Akakataa. Aliomba ndimu zangu na kumbi. Ndimu niliziokota barazani nilikotupa kikapu, nikampandishia pamoja na kumbi, na usiku haujawa mzito tulimsikia, mimi na Bi Hindu chini, akisugua kwa kuzunguka. Anasugua, ananyamaza. Anasugua. Bi Hindu alisema tusiende. Dari halikuvuja tena.

Nilimfunga Kioko mgongoni nikavuka ua kwenda chumbani kwetu. Ua lilikuwa kavu, mchanga mweupe. Nilipopita chini ya mkunazi, kwenye mdomo wa bomba, mchanga ulikuwa umeshayanywa maji yote. Nilishukuru. Nikasema, sasa ameenda.

Kisha nikahisi leso inanikaza begani.

Kioko alikuwa mwepesi wiki zile zote. Nilikuwa nimeuzoea wepesi wake. Sasa mgongo wangu ulikuwa umebeba uzito, uzito wa mtoto aliyekula akashiba, na zaidi kidogo ya hapo. Nilipeleka mkono nyuma. Mguu wa Kioko huu hapa. Mguu wake wa pili huu hapa. Yote ya moto.

Sikupeleka mkono mbele zaidi.

Nilitembea taratibu. Sikugeuka. Mlangoni niliinama ili asigonge kichwa, naye, au yeyote aliyekuwa nami, akaegemea shingo yangu. Nywele zenye maji zilinigusa sikio. Kioko nilikuwa nimeshamkausha.

Nilipofungua leso kitandani, alikuwamo Kioko peke yake, amelala, jasho likimtoka puani. Chumba kilinukia kafuri mpaka alfajiri, kisha harufu ikaisha. Nilimwambia Nahashon nusu ya habari hizi. Nusu ya pili sikumwambia mtu.

Bi Hindu aliwahi kuniuliza siku moja, tukichambua mchele, kama usiku ule niliona chochote uani. Nikasema sikuona. Akatupa kijiwe, akaendelea kuchambua. "Mtoto akitolewa majini," alisema, "hutafuta mgongo wenye joto. Hachagui."

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, nilijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Malindi. Kuluthumu alikuja kunitazama na chupa ya uji wa pilipili manga alioukoroga mwenyewe. Alikaa kando ya kitanda changu mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Hakuomba kumbeba.